Nani Alimfundisha Maalim?

Dada yangu hakuniomba nimtafutie mwanawe chuo cha Kurani. Chuo alikuwa ameshakipata, huko Msambweni, kwa maalim aliyesifiwa na majirani wake wawili. Aliloniomba ni niende nikamtazame huyo maalim kwa macho yangu kabla mtoto hajafungiwa mzigo. "Nenda ukae naye," alinambia. "Mambo ya ada usiyaulize. Wewe mtazame tu."

Mtoto ana miaka 10, na ni wa kulala huko huko. Tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola ulipoanza kufukuliwa, dada yangu hamwamini mtu yeyote anayesimama mbele za watu akawaambia, nifuateni. Sikuona sababu ya kumlaumu. Katika msitu ule wa Kilifi zilitolewa maiti zaidi ya 400, na nyingi zilikuwa za watoto. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani, waumini wa Paul Mackenzie waliambiwa wafunge kula mpaka wafe, ili wakutane na Yesu. Hao nao walimfuata mwalimu wao. Dada yangu ni Mwislamu na Mackenzie ni mhubiri wa Kikristo, lakini hofu haiulizi dini ya mtu.

Nilitoka Nairobi Alhamisi alfajiri katika gari la rafiki yangu, fundi wa jenereta ambaye kila mwezi huteremka Diani kuhudumia mashine za hoteli. Yeye hali chochote njiani mpaka afike Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga. Mafundi wa Kipunjabi waliofanya kazi kwenye reli ndio walioliacha hapo, na jengo la mwaka 1926 lingali linapokea wasafiri mchana na usiku. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa unachokiokota kwenye kikapu mlangoni, unanawa, kisha unaketi ule. Hakuna anayekuuliza jina wala kabila, na bili hailetwi.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alinimiminia dengu, akaniwekea chapati mbili, akasimama kuangalia kama zimenitosha. Nilidhani ni mfanyakazi wa pale. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba mzee yule ana maduka mawili mjini Nairobi, na kila mwaka huja Makindu wiki kadhaa kupakua chakula na kuosha sahani. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

"Wewe unajua maana ya neno Sikh? Ni mwanafunzi. Basi mimi ni mwanafunzi. Wengine husoma wakahitimu, sisi hatuhitimu."

Akanisimulia jinsi Guru Nanak, aliyefariki 1539, alivyowapita wanawe wa kuwazaa akamchagua mtumishi wake Lehna kuwa mrithi, akampa jina jipya, Angad. Baada ya guru kumi, mwaka 1708, Guru Gobind Singh alisema hatakuwapo guru mwingine wa damu na nyama: kuanzia hapo mwalimu ni kitabu chao kitakatifu. Nilikula chapati zangu nikiliwaza hilo. Kuna watu waliojengewa uzio mapema, mtu asije akajitokeza kesho akasema, mimi ndiye.

Kivuko cha Likoni tulikikuta kimejaa, nasi tukasubiri. Nilikuwa bado nimeshikwa na neno lile la mzee. Wamishonari walipoanza kuyaweka Maandiko katika Kiswahili, tangu siku za Krapf aliyetua Mombasa mwaka 1844, walihitaji neno la kuwaita wale waliomfuata Yesu. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka 1952, na ambayo bado ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi, wanaitwa wanafunzi. Neno ni lile lile la mtoto wa shule mwenye sare na daftari. Wapo wanaoona ni neno dogo kwa watu wakubwa namna hiyo. Mimi naona watafsiri walilenga shabaha, kwani hata Kigiriki cha Injili ndivyo kisemavyo: mwenye kujifunza. Kiebrania kina talmid na Kiarabu kina tilmidh, ndugu wa tumbo moja. Kurani inawataja wanafunzi wa Nabii Issa kwa jina lao, hawariyyun. Wenye tarika za Kisufi wana murid, yaani mwenye kutaka. Na waliokuwa na Mtume Muhammad hawakuitwa wanafunzi hata kidogo; waliitwa masahaba, wenzi, watu waliokaa naye.

Rafiki yangu alinishusha Ukunda. Kwa kuwa maalim alikuwa ananitarajia Ijumaa, jioni ile nilishika bodaboda hadi Kinondo.

Kaya Kinondo ni msitu mdogo ukingoni mwa bahari, kama hekta 30, umezungukwa na viwanja vya nyumba za wageni. Ni moja ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka uliofuata UNESCO iliziweka pia mila za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, maana wazee wanaozijua wanapungua na vijana wanaokaa nao ni wachache. Kijana wa Kidigo anayeongoza wageni alinivua kofia, akanifunga kaniki kiunoni, akasimama penye mlango wa msitu akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Tukaingia.

Alinionyesha mti wa tumbo, mti wa homa, mti ambao mtu mwenye mzigo moyoni huukumbatia. Alikuwa akizungumza kwa raha, mpaka tukafika penye njia panda. Kulia njia ilikuwa pana, imekanyagwa. Kushoto palikuwa na kinjia chembamba kilichofunikwa na majani makavu. Nikageuka kushoto. Akanishika mkono.

"Huko sijaonyeshwa bado."

Nikamuuliza amewaongoza wageni muda gani. Miaka 11, akasema. Na babu yake ni mmoja wa wazee wa kaya.

"Sasa mbona babu hajakuonyesha?"

"Siku yangu haijafika. Yeye mwenyewe alionyeshwa akiwa na mvi."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekueleza kwamba maji bado hayajajaa. Tukarudi kwa njia ya kulia. Njiani alinieleza habari za waganga, namna anayejifunza anavyombebea mwalimu wake mkoba miaka na miaka, anavyochimba mizizi asiyoijua kazi yake, mpaka siku mzee anapomkabidhi mkoba mbele ya watu. Mtu akijitia uganga bila kukabidhiwa mkoba, alisema, dawa zake ni majani tu. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na kijana huyu pia; kesho yake, alinambia, ataswali Ijumaa kama kawaida. Najua wapo masheikh wasiopenda kusikia kaya na msikiti vikitajwa kwa pumzi moja, na wana hoja zao. Lakini mtu anayeweza kusimama mbele ya njia asiyoruhusiwa, kwa miaka 11, hakuna anayemwona, ana jambo la kutufundisha sote.

Ijumaa asubuhi matatu ya Lunga Lunga ilinipitisha Gazi, makao ya zamani ya Mbaruk bin Rashid Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, ikaniteremsha Msambweni. Ni mji wa minazi na mikorosho, una hospitali kubwa ya rufaa, na barabara zake za ndani ni mchanga mweupe unaoingia viatuni. Chuo kiko upande wa baharini: banda la makuti, sakafu ya saruji, mikeka, na chumba cha kulala watoto wa mbali. Dirisha la chumba hicho linatazama njia ya watu wote. Nililitia moyoni hilo.

Maalim ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kanzu imefifia mabegani kwa kufuliwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaagiza kahawa chungu na mahamri, kisha akanisahau. Watoto walikuwa wamefika.

Nimesoma chuoni utotoni, Mombasa, na kumbukumbu yangu ya chuo ni bakora. Maalim wetu, jina lake nitalihifadhi, alikuwa akipiga nyayo. Nilitoka kwake nikiwa najua juzuu tatu kwa moyo na nikiwa na hofu ya mlio wa ndara uani. Kwa hiyo jambo la kwanza nililolitafuta katika banda lile la Msambweni ni fimbo. Kijiti kilikuwapo, chembamba kama njiti ya kiberiti, cha kuonyeshea herufi. Nilikitazama siku tatu. Hakikugusa kitu ila karatasi.

Mtoto mmoja, mdogo kuliko wa dada yangu, alikuwa amekwama katika dhadi. Herufi hii haitoki kwa urahisi katika kinywa cha mtoto wa Kidigo, wala cha mtoto yeyote asiyezaliwa nayo. Alikuwa akisema dali. Maalim hakumkemea. Alimsogeza karibu, akatia kidole chake shavuni mwake mwenyewe, akabonyeza pale ubavu wa ulimi unapogusa magego ya juu, akaitamka polepole. Mtoto akamtazama kinywa. Akajaribu, ikatoka dali. Maalim akarudia, kidole kile kile, shavu lile lile. Nilihesabu hadi mara tisa. Mara ya kumi mtoto akatia kidole chake kidogo shavuni mwake, akafinya macho, ikatoka dhadi kamili, na banda zima likacheka kwa furaha.

"Hii," maalim alinambia baadaye, watoto walipotoka, "huwezi kuipata kitabuni. Kitabu hakina shavu. Mimi nilimtazama mwalimu wangu kinywa kama huyu alivyonitazama, na mwalimu wangu alimtazama wake."

Baada ya swala ya Ijumaa tuliketi barazani. Nikakusanya ujasiri nikamweleza kilichonileta, Shakahola na hofu ya dada yangu. Nikamwambia pia la karibu na nyumbani kwake, vijana wa Kwale waliochukuliwa wakapelekwa Somalia na watu waliojiita walimu wa dini. Nikamuuliza: si tumefundishwa kwamba mwanafunzi amtii mwalimu wake, asimhoji?

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nimesoma Suratul Kahf asubuhi ile, kama ilivyo ada ya Ijumaa. Nikasema sikusoma. Akanisimulia kisa cha Musa na Khidri, ambacho nakijua tangu utotoni, ila sikuwahi kukisikia kwa namna ile. Musa, Mtume mzima, anamwomba Khidri amfuate ili afundishwe. Khidri anampa sharti la kutouliza. Wanapanda chombo, Khidri anakitoboa. Wanakutana na kijana, Khidri anamwua. Wanafika mji uliowanyima chakula, Khidri anausimamisha ukuta wao unaotaka kuanguka bila kudai ujira. Na kila mara Musa anavunja sharti.

"Watu hukisimulia kisa hiki wakaishia hapo," alisema. "Wanasema, umeona, mwanafunzi anyamaze. Hao wamefunga msahafu kabla ya mwisho. Musa aliona chombo cha masikini kinatobolewa, akasema. Aliona roho inatolewa, akasema. Je, Mwenyezi Mungu alimwita mwasi kwa hilo? Tena Khidri hakumfukuza bila neno. Alimketisha akamfunulia yote matatu: chombo alikitoboa kwa sababu mbele kulikuwa na mfalme anayepora vyombo vizima, na kijana, na ukuta uliokuwa na hazina ya mayatima wawili. Alimweleza, ndipo wakaachana. Sasa wewe nitafutie katika hawa wanaochukua watoto wa watu, yupi aliyewaketisha akawaeleza? Yupi aliyesema, tumefika mwisho, rudi kwenu?"

Mvuvi mmoja aliyekuwa akinywa kahawa nasi akadakia kwamba chombo kilichotobolewa ndicho alichokielewa yeye tangu mtoto, kwa kuwa ngalawa mbovu haiibwi.

Jumapili asubuhi nilirudi nyuma hadi Makongeni, karibu na Gazi, kwa Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi, wakaishi Kenya miaka mingi bila vitambulisho, mpaka 2016 walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na wakaipata. Nilikuwa nikimtafuta katekista mmoja aliyetajwa na mwenyeji wangu. Nilimkuta chini ya mwembe na wakatekumeni saba wanaojiandaa kubatizwa, watu wazima watupu, mmoja wao bibi mwenye mjukuu mapajani. Watasoma mpaka mkesha wa Pasaka, na yule ambaye hajawa tayari atangoja Pasaka nyingine. Siku ile walikuwa wakisimuliwa habari za Karoli Lwanga na vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Baadhi yao walikuwa bado hawajabatizwa, na Lwanga, mwanafunzi mwenzao, aliwabatiza kwa mkono wake mwenyewe kifo kilipokaribia. Kizito, mdogo wao, alikuwa kijana wa miaka kama 14.

Nilimwambia katekista kwamba katika Buganda ya siku zile waliofuata dini hizi mpya, Wakristo na Waislamu, waliitwa jina moja: basomi, wasomaji. Alifurahi sana. Nami nikamuuliza lililonikera: kufa kwa wale vijana na kufa kwa watu wa Shakahola, tofauti ni nini? Wote walimfuata mtu.

Bibi mwenye mjukuu ndiye aliyejibu, kabla ya katekista. "Lwanga alitangulia yeye," alisema.

Na kweli, Lwanga alitengwa na wenzake siku ile akachomwa peke yake, kabla yao. Huyo bibi hajabatizwa bado.

Usiku wa mwisho Msambweni umeme ulikatika, tukakaa gizani na maalim, bahari ikisikika. Nikakumbuka maneno ya dada yangu, kwamba nisiulize ada, nimtazame tu. Nilikuwa nimetazama vya kutosha, lakini swali moja lilibaki.

"Maalim, wewe nani alikufundisha?"

Sikuona uso wake. Nilisikia akivuta miguu aliyokuwa ameinyoosha, akaikunja, akakaa kama watoto wanavyokaa mbele yake. Kisha akamtaja mwalimu wake, mtu wa Tiwi, akamrehemu, akanyamaza, na aliporudi kusema sauti ilikuwa imebadilika. Alimchotea maji miaka tisa, akasema. Alimfulia. Wakati mwalimu alipopofuka alimshika mkono kumpeleka msikitini kila alfajiri, na njiani mzee alimsikiliza kitabu alichokuwa akikisoma. Ijaza, ruhusa ya kufundisha, hakuiomba. Alipewa siku ambayo hakuitarajia, penye kisima cha msikiti. Huyo wa Tiwi alisoma Mombasa kwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh al-Amin alifiwa na baba akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali, na akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyefariki 1925. Maalim aliendelea kupanda, jina baada ya jina, Hadhramaut, Makka, bila kusita, kila mmoja akimrehemu. Mlolongo wa namna hii ndio Sheikh Abdallah Saleh Farsy alioukusanya mwaka 1972 katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika: fulani alisoma kwa fulani, fulani akasomesha fulani. Nilipokisoma zamani niliona ni kitabu cha majina matupu. Gizani pale Msambweni nilikielewa.

Alipomaliza, akaniuliza, "Na wewe, mwanangu? Mwalimu wako nani, naye alisoma kwa nani?"

Nilimtaja yule wa bakora. Kuhusu aliyemfundisha, sikuwa na jibu. Katika miaka yote niliyokaa mbele yake hakuwahi kumtaja mtu, nasi hatukuthubutu kuuliza. Maalim alisema tu, "Mungu amrehemu," akaniuliza kama nitapenda kahawa nyingine.

Nilimpigia dada Jumatatu, nikiwa nasubiri kivuko upande wa Likoni. Nikamwambia maalim amesema mtoto asiletwe na mjomba. Aletwe na mamake, na mama akae chuoni siku mbili tatu, alale kwa wake wa jirani, aone kila kitu, na akitaka kuja bila taarifa katikati ya muhula, aje. Atakwenda Jumamosi.

Wewe nawe msomaji, kama unamtafutia mwanao mwalimu, au unajitafutia mwenyewe, awe wa msikitini, wa kanisani au wa msituni, muulize jina la aliyemfundisha. Kisha nyamaza, usikilize anavyolitaja.